Heda za barua pepe kwa Python: mwongozo kamili kwa anayeandikia programu nyumba za wageni Unguja

Nyumba nyingi za wageni za pwani ya mashariki, kuanzia Matemwe hadi Jambiani, haziendeshwi kwa mfumo mkubwa wa kuhifadhi vyumba. Zina kisanduku kimoja cha barua pepe, simu ya mapokezi na daftari. Wakija kwako, kijana unayejua Python, huwa wanataka kitu kidogo: programu isome kisanduku, itenge maombi ya vyumba na matangazo, imjibu mgeni kwamba ombi limefika, kisha imwandikie mtu wa mapokezi nani ameomba na saa ngapi. Karibu kazi yote hiyo imo kwenye heda, yaani ile mistari ya juu ya barua: From, To, Date, Subject na nyenginezo ambazo msomaji wa kawaida haoneshwi.

Mwongozo huu unatumia maktaba ya `email` inayokuja na Python yenyewe. Huna haja ya kupakua kitu, jambo ambalo si dogo ukiwa unafanya kazi kwa bando. Hakikisha tu una Python 3.9 au zaidi, kwa sababu ya majira ya saa tutakayoyafikia mbele. Kwenye Windows utahitaji pia paketi ya `tzdata` kwa pip, maana Windows haina orodha ya majira ambayo Python inaitafuta.

Nitakachokisisitiza mwanzo hadi mwisho ni hiki: heda usiichukulie kama maandishi matupu ya kukata na kuunganisha. Anwani ina sehemu zake, tarehe ina sehemu zake, na maktaba inazijua. Wanaotumia `split(',')` na `+ '\n'` ndio wanaorudi kurekebisha programu ile ile kila msimu.

Hatua ya kwanza: pata barua halisi

Fungua kisanduku, chagua barua moja ya mgeni, tafuta amri ya kuonesha ujumbe wa asili, uihifadhi kama faili la `.eml`. Ifungue kwa kihariri cha maandishi. Utaona kitu kama hiki (anwani hizi ni za mfano tu, `.example` imetengwa rasmi kwa mifano tangu 1999, kwa hiyo itumie kwenye majaribio yako badala ya kubuni kikoa ambacho huenda kina mwenyewe):

```
Return-Path: <mgeni@safari.example>
Received: from mx.safari.example (mx.safari.example [192.0.2.15])
	by barua.jambiani.example; Tue, 4 Mar 2025 00:31:12 +0300
Date: Mon, 3 Mar 2025 22:30:05 +0100
From: =?utf-8?q?M=C3=BCller?= <mgeni@safari.example>
To: Mapokezi <mapokezi@jambiani.example>
Subject: =?utf-8?q?Zimmer_f=C3=BCr_zwei?=
Message-ID: <77a1@safari.example>
```

Kila heda ni jina, nukta mbili, kisha thamani. Mstari unaoanza kwa nafasi au tab ni mwendelezo wa heda iliyo juu yake, ndiyo maana Received hapo imechukua mistari miwili. Mstari mtupu wa kwanza ndio mwisho wa heda. Baada yake ni mwili wa barua. Kanuni zinazotumika, RFC 5322 ya 2008, zinalazimisha heda mbili tu: Date na From. Nyengine zote zinaweza kukosekana, hata Subject, na programu yako isishangae.

Hiyo `=?utf-8?q?...?=` si uharibifu. Heda zilianza enzi za herufi za ASCII peke yake, na mwaka 1992 ikawekwa njia ya kufunga herufi nyengine ndani ya ASCII. `=C3=BC` ni baiti mbili za herufi ü.

Hatua ya pili: soma kwa sera sahihi

Hapa ndipo pa kukazia macho kuliko pote.

```python
from email import policy
from email.parser import BytesParser

with open('ombi.eml', 'rb') as f:
    ujumbe = BytesParser(policy=policy.default).parse(f)

print(ujumbe['Subject'])     # Zimmer für zwei
```

Mambo mawili. Kwanza, faili limefunguliwa kwa `'rb'`, kama baiti. Ukilifungua kama maandishi, Python itakisia usimbaji kulingana na kompyuta yako, na barua iliyosomeka vizuri kwenye Linux itaharibika kwenye Windows ya mapokezi. Pili, `policy=policy.default`, yaani sera: kanuni ambazo maktaba inazifuata katika kusoma na kuandika heda. Licha ya jina lake, sera hiyo sio inayotumika usipoitaja! Ukiacha, kisomaji kinatumia sera ya zamani iitwayo `compat32`, na `ujumbe['Subject']` itakurudishia `=?utf-8?q?Zimmer_f=C3=BCr_zwei?=` vile vile ilivyo. Mifano mingi utakayoikuta mtandaoni iliandikwa kwa sera hiyo ya zamani, ndiyo maana imejaa `decode_header` na vitanzi vya kufungua vipande. Kwa sera mpya huvihitaji.

Sisi tuna mtego wa ziada. Kiswahili hakina herufi zenye alama juu, kwa hiyo ukijijaribia mwenyewe kwa "Naomba chumba" kila kitu kitapita hata kwa sera ya zamani. Tatizo litajitokeza siku Mfaransa atakapoandika kuhusu "août". Au hata kabla yake: andika Ng'ambo kwa simu yako. Simu nyingi hugeuza ile alama iliyonyooka kuwa ya kupinda, ’, na hiyo haimo kwenye ASCII. Kichwa cha barua chenye "Ng’ambo" au "Mng’ong’o" kitasafiri kikiwa na `=E2=80=99` ndani yake. Kwa hiyo weka Ng’ambo yenye alama ya kupinda kwenye barua zako za majaribio tangu mwanzo.

Hatua ya tatu: chukua unachokitaka

Herufi kubwa na ndogo hazina tofauti kwenye majina: `ujumbe['subject']` na `ujumbe['SUBJECT']` ni mamoja. Heda isipokuwepo unapata `None`, hupati kosa, kwa hiyo `ujumbe['Subject'].lower()` itaanguka siku ambayo mgeni hakuandika kichwa. Andika `(ujumbe['Subject'] or '').lower()`.

Heda nyengine hurudiwa. Mabano ya mraba hukupa moja tu, `ujumbe.get_all('Received', [])` hukupa zote. Kila seva inayoipokea barua hubandika Received yake juu ya zilizopo, kwa hiyo safari ya barua inasomwa kutoka chini kwenda juu. Ya juu kabisa imewekwa na seva yenu, na hiyo ndiyo ya kuaminiwa. Za chini zinaweza kuwa zimetungwa na yeyote.

Hatua ya nne: anwani

```python
heda = ujumbe['Reply-To'] or ujumbe['From']
if heda and heda.addresses:
    anwani = heda.addresses[0]
    print(anwani.display_name)   # Müller
    print(anwani.addr_spec)      # mgeni@safari.example
    print(anwani.domain)         # safari.example
```

Ukitaka kujua kwa nini usikate kwa mkato, fikiria kampuni ya utalii inayojiandika `"Safari, Pwani" <ofisi@safari.example>`. Mkato huo umo ndani ya alama za kunukuu. Ni sehemu ya jina. `split(',')` itakupa anwani mbili mbovu. Mwenye ombi lake hatajibiwa, wala hatajua kwa nini.

Reply-To inatangulia kwa sababu maombi yanayopita kwa mawakala mara nyingi hutoka kwenye anwani isiyosomwa na mtu, huku anwani ya kumjibia mgeni ikiwa kwenye Reply-To.

Jina la kuonesha ni dai tu. Yeyote anaweza kujiandika "Meneja" mbele ya anwani yake mwenyewe na kuwaambia mapokezi malipo yahamishiwe akaunti nyengine. Programu yako inapowaandikia mapokezi, iwaoneshe anwani kamili pamoja na jina. Kama seva yenu inaweka heda ya Authentication-Results, isome uone kama ukaguzi wa SPF, DKIM na DMARC (njia za kuthibitisha kwamba barua imetoka kweli kwenye kikoa inachodai) umepita, lakini iamini ile tu iliyowekwa na seva yenu. Aliyetuma anaweza kupachika ya kwake.

Hatua ya tano: tarehe na saa za kwetu

Barua ya mfano inasema Jumatatu tarehe 3, saa 22:30 za Ulaya. Hapa Unguja hiyo ni Jumanne tarehe 4, saa sita na nusu usiku. Mgeni akiandika "nafika kesho" na programu ikahesabu kutoka siku ya hapa, gari la kumpokea uwanja wa ndege litachelewa siku nzima. Hifadhi muda wenye majira yake, uubadilishe wakati wa kuonesha tu.

```python
from datetime import timezone
from zoneinfo import ZoneInfo

UNGUJA = ZoneInfo('Africa/Dar_es_Salaam')

def muda_wa_hapa(ujumbe):
    heda = ujumbe['Date']
    if heda is None or heda.datetime is None:
        return None
    d = heda.datetime
    if d.tzinfo is None:
        d = d.replace(tzinfo=timezone.utc)
    return d.astimezone(UNGUJA)
```

Usitafute `Africa/Zanzibar`, haipo kwenye orodha. Tunatumia majira ya Dar es Salaam, +0300 mwaka mzima.

Mistari miwili ya `tzinfo is None` usiiondoe kwa kuiona haina kazi. Barua zenye `-0000` mwishoni mwa tarehe zinamaanisha muda ni wa UTC lakini majira ya mwandishi hayajulikani, na Python huzirudisha bila majira kabisa. Ukiita `astimezone` juu yake moja kwa moja, Python itadhani ni saa ya kompyuta yako, na utakuwa umekosea saa tatu bila onyo lolote.

Mtu wa mapokezi hasemi 00:30. Mwandikie saa anayoisoma:

```python
saa = (d.hour - 6) % 12 or 12
```

Hapa `d` ni kile kilichorudishwa na `muda_wa_hapa`. 00 inakuwa saa sita, 07 inakuwa saa moja, 18 inakuwa saa kumi na mbili. Ongeza neno la usiku, asubuhi, mchana au jioni, la sivyo saa sita ya mchana na ya usiku zitachanganyika.

Date nayo ni dai la mtumaji, na kompyuta yenye saa mbovu hutuma barua za mwaka jana. Ukitaka kupanga maombi kwa nani kawahi, tumia muda ulio baada ya nukta-mkato ya Received ya juu kabisa; `email.utils.parsedate_to_datetime` inausoma vizuri.

Hatua ya sita: andika jibu

```python
from datetime import datetime
from email.message import EmailMessage
from email.headerregistry import Address
from email.utils import make_msgid

jibu = EmailMessage()
jibu['From'] = Address('Mapokezi, Jambiani', 'mapokezi',
                       'jambiani.example')
jibu['To'] = anwani
jibu['Subject'] = 'Tumepokea ombi lako la chumba'
jibu['Date'] = datetime.now(UNGUJA)
jibu['Message-ID'] = make_msgid(domain='jambiani.example')
jibu.set_content('Asante. Mapokezi watakujibu kuhusu nafasi.')
```

`EmailMessage` hutumia sera mpya bila kuambiwa, tofauti na kisomaji. Tazama kwamba kwenye From nimeweka jina lenye mkato makusudi: maktaba italizungushia alama za kunukuu yenyewe. Kwenye Date nimempa kitu cha datetime, naye ataandika tarehe kwa umbo linalotakiwa. Usiiunde kwa `strftime`. Kwenye kompyuta iliyowekwa lugha nyengine, majina ya siku na miezi yanaweza kutoka kwa lugha hiyo.

Kuweka heda kwa mabano ya mraba huongeza, hakubadilishi. Ukiandika `jibu['Subject']` mara ya pili, sera mpya itakataa kwa `ValueError`, kwa kuwa barua haiwezi kuwa na Subject mbili. Ile ya zamani ingenyamaza na kutuma zote mbili, kila programu ya barua ikichagua yake. Ukitaka kubadilisha, futa kwanza kwa `del jibu['Subject']`, ambayo hailalamiki hata kama heda haipo, kisha weka mpya. Ipo pia `replace_header`, inayobakisha heda pahala pake, lakini hiyo hutoa `KeyError` kama haikuwepo.

Content-Type usiiandike kwa mkono. `set_content` na `add_attachment` zinaiweka, pamoja na mipaka ya viambatisho.

Hatua ya saba: liunge jibu na ombi, na lisizunguke

Ili jibu lako likae chini ya barua ya mgeni kwenye simu yake, Subject inayofanana haitoshi. Zinazotakiwa ni heda mbili:

```python
kitambulisho = ujumbe['Message-ID']
if kitambulisho:
    jibu['In-Reply-To'] = kitambulisho.strip()
    zamani = (ujumbe['References'] or '').split()
    jibu['References'] = ' '.join(zamani + [kitambulisho.strip()])
```

Kuna kasoro ya kuangalia. Mstari wa heda unashauriwa usizidi herufi 78, na ukomo kabisa ni 998. Baadhi ya seva hutoa Message-ID ndefu kupita 78 bila nafasi ya kukatia, na Python inaweza kuifunga In-Reply-To hiyo kwa `=?utf-8?q?`, jambo ambalo programu za barua hazilifungui kwenye heda hii, mnyororo unakatika. Ukiiona hali hiyo, tengeneza ujumbe huo kwa `EmailMessage(policy=policy.SMTP.clone(max_line_length=998))`.

Kisha suala la mzunguko. Programu yako inajibu yenyewe. Mgeni yuko likizo na programu yake inajibu yenyewe. Yako inaijibu ile. Hadi asubuhi kisanduku kimejaa na seva imeshawafungia. Jitambulishe:

```python
jibu['Auto-Submitted'] = 'auto-replied'
```

Na kabla ya kujibu, uliza:

```python
def inafaa_kujibiwa(u):
    if (u['Auto-Submitted'] or 'no').strip().lower() != 'no':
        return False
    if u['List-Id']:
        return False
    if (u['Precedence'] or '').strip().lower() in ('bulk', 'list', 'junk'):
        return False
    return (u['Return-Path'] or '').strip() != '<>'
```

Return-Path yenye mabano matupu ni taarifa ya barua iliyoshindwa kufika. Kuijibu hiyo ni kuongea na ukuta, ukuta unaorudisha. Ongeza na kinga yako mwenyewe: anwani moja isipate zaidi ya jibu moja la otomatiki kwa siku.

Hatua ya nane: fomu ya tovuti

Kama tovuti ya nyumba ina fomu ya maombi, kitakachoandikwa kwenye "Jina lako" kitaishia kwenye heda. Mtu mbaya ataandika jina, akate mstari, kisha aandike `Bcc:` na anwani mia. Heda mpya imezaliwa, na seva yenu inasambaza uchafu wake. Sera mpya inakataa thamani yenye kukata mstari kwa `ValueError`. Njia za zamani haziangalii pale unapoiweka. Hata hivyo safisha mwenyewe kwanza: `' '.join(jina.split())` huondoa kila aina ya kukata mstari.

Kosa linalofanana nalo, ingawa la nia njema, ni kuweka anwani ya mgeni kwenye From ili mapokezi wabonyeze tu "jibu". Seva yenu haina idhini ya kutuma kwa jina la kikoa cha mgeni, ukaguzi utakataa, na ombi litaingia kwenye barua taka. Tangu 2024 huduma kubwa kama Gmail na Yahoo zimekaza zaidi. From iwe anwani ya nyumba, Reply-To iwe ya mgeni.

Hatua ya tisa: tuma, kisha soma ulichotuma

Kutuma ni `smtplib` na `send_message(jibu)`. Hiyo huchukua wapokeaji kutoka To, Cc na Bcc, na huondoa Bcc kabla barua haijaondoka. Ukitumia `sendmail` ya zamani, Bcc itakwenda wazi kwa kila mtu usipoifuta.

Kabla ya kumkabidhi mwenye nyumba, tazama baiti zenyewe:

```python
print(bytes(jibu).decode('ascii', 'replace'))
```

Soma heda moja moja. Hakuna iliyorudiwa? Tarehe ina +0300? Kisha jitumie kwenye akaunti mbili za huduma tofauti, fungua ujumbe wa asili kila upande, na umpitishie BytesParser ule ule wa hatua ya pili. Ng’ambo ikitoka na alama yake, na `addresses[0].addr_spec` ikiwa ile ile uliyoiweka, washa kazi ya kila dakika tano kwenye kompyuta ya mapokezi.